Kaka na Dada wa Mabibo

Mabibo, 18 Februari 2024

Baba Monica,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hutaitikia, lakini nimeandika.

Nianze na kazi tuliyopewa, maana Padri Projestus amesema tusianze na ugomvi. Simu tuziache, kwa sababu tukipigiana simu tunapigana kweli. Tuandikiane barua, kama wanandoa wanavyofanya kwenye semina zao: kila mmoja asome sura ya wosia wa Papa juu ya familia, halafu amweleze mwenzake alichokiona. Nakala yako nimeinunua duka la parokia, nimeifunga pamoja na barua hii. Anayekuletea ni Tabu, mama ntilie wa hapo Keko; kila asubuhi anakuja huku sokoni kuchukua nyanya na vitunguu, na mananasi anachukua kwangu. Nimemwambia ni vitabu vya kanisa. Yeye Mwislamu, mambo ya Papa hayamhusu, hatafungua.

Sasa nikueleze tena polepole, maana siku ile ulibeba godoro kabla sijamaliza kusema. Sikukufukuza. Nilikwenda kwa padri kwa sababu mwezi wa sita Monica anapokea Komunyo ya kwanza, na siku hiyo wazazi wanasimama na mtoto wao wanapokea pamoja naye. Wote, isipokuwa mimi na wewe. Tangu nianze kuishi na wewe nakaa kwenye benchi wenzangu wakipanga foleni, navuta miguu pembeni ili wapite. Kanisa linajua mume wangu ni Petro, aliyenioa Masasi akanikimbia akavukia Msumbiji, na sijui kama yu hai au alishakufa. Nikamuuliza padri kama hakuna njia. Akasema zipo mbili. Ya kwanza, mahakama ya kanisa iichunguze ile ndoa, pengine itaonekana haikuwa ndoa tangu mwanzo. Papa huyuhuyu kwa barua yake nyingine alishafupisha mwendo wa kesi hizo. Lakini lazima Petro atafutwe, aulizwe. Ya pili ni ile iliyofundishwa na Papa mmoja wa zamani: mimi na wewe tukae nyumba moja, tulee watoto, ila tuishi kama kaka na dada.

Nilikuletea habari hiyo nikicheka kidogo, kwa aibu. Wewe ukasema, "Kama mie kaka yako, basi naenda kulala na wanaume wenzangu." Nani alikuambia ukalale kwenye karakana?

Watoto wanauliza. Nimesema una kazi nyingi.

Sura ya kwanza nimeimaliza. Papa anazitaja familia za kwenye Biblia na anakubali kwamba tangu Kaini na Abeli zimejaa ugomvi. Nikafarijika kidogo. Soma na wewe.

Yustina


Keko, 23 Februari 2024

Dada Yustina,

Shikamoo. Umenizidi mwaka mmoja, na kama wewe ni dada basi nikupe heshima yako.

Furushi limefika likinuka vitunguu. Tabu alilitoa kwenye kapu mbele ya mafundi wote akasema, "Shemeji, mkeo kakuletea msahafu!" Marijani, mwenzangu wa benchi, alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. Sasa karakana nzima inaniita Baba Askofu. Hata wateja wa makochi wameanza kuniita hivyo.

Nimesoma sura mbili. Kwetu wosia unasomwa mwenyewe akishakufa. Huyu mzee yu hai na ameshatugawia. Sikatai, anaandika kama mtu aliyewahi kukaa jikoni kwa watu. Anajua kuna baba anayerudi nyumbani hana kazi, anajua kuna watu wanakula meza moja kila mtu na simu yake. Lakini nimetafuta alipoandika kwamba Valerian atoke, sijapaona.

Unasema ulikuwa unacheka. Mie sikuona kicheko. Niliona mwanamke aliyetoka kumuuliza mwanamume mwingine, kisa kavaa kanzu, mumewe alale wapi. Asiyekuwepo na lake halipo: mmenijadili huko ofisini, mkaamua, mie niko Keko napiga randa. Ile nyumba niliijenga chumba kimoja kimoja, mwaka huu tofali, mwaka ujao bati. Halafu padri wa juzi, ndevu hazijakomaa, ananigeuza kaka. Imeniuma, Yustina. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Na huyo Petro. Tangu siku ya kwanza nimeishi naye. Hali, hanywi, hachangii umeme, lakini yumo.

Nitasoma, kwa sababu nataka nimkamate padri wako kwa maneno ya bosi wake. Godoro silirudishi kwa sasa.

Kaka yako wa kanisa,
Valerian


Mabibo, 3 Machi 2024

Baba Monica,

Shikamoo yako nimeikataa. Marahaba nitaitikia siku ukiwa na adabu.

Jana jumuiya ilikuwa kwa Mama Marietha mwenyekiti. Unajua Jumamosi zetu: sala saa kumi na mbili na nusu, uji, halafu kila mtu akimbilie biashara yake. Jana uji ulipoa. Kuna aliyekuja na ujumbe wa kwenye simu, umesambazwa huko, eti Papa ameruhusu walioachana wote wapokee. Mwingine akasema ni uongo. Mwalimu Benson akafungua wosia, akatuonyesha sura ya nane, chini kabisa ya ukurasa, maneno madogo ambayo kwa habari za Padri Projestus yamewagombanisha mpaka maaskofu. Wengine wanasema yamefungua mlango, wengine wanasema mlango uko palepale. Nilivuta kitabu nikainama kama natafuta sindano.

Mama Marietha akanitazama juu ya miwani. "Yustina, wewe ungekaa kimya tu. Haya ni ya wenye ndoa zao."

Nimefagia kanisa lile. Misiba yote ya jumuiya yetu nimepika mimi, mpaka msiba wa mumewe. Nikikosa kufika Jumamosi moja wananitafuta kwa sababu sufuria kubwa ninayo mimi. Na siku nikifa watabishana kama jeneza langu liingie kanisani. Nikanywa uji wa baridi.

Wewe unadhani nataka Komunyo ili nionekane. Valerian, nina njaa. Nilipokuwa msichana nilipokea kila Jumapili, nikitoka najisikia kama mtu aliyeoga. Kisha nikanyimwa kwa kosa ambalo nikiligeuza huku na huku naona ni wewe na watoto, na siwezi kulijutia. Padri ananiambia nijutie. Nijutie nini, Monica?

Ulivyosema umeona mwanamke aliyemuuliza mwanamume mwingine, nimelifikiria. Ungekuwepo. Ningekusubiri twende pamoja. Kwa hilo nisamehe, kwa mengine bado.

Yustina


Keko, 15 Machi 2024

Mama Monica,

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa sentensi, sema nilikuwa naona uvivu kuandika.

Nisikilize. Sura ya nne imenikamata. Nilianza kuisoma wakati wa chakula, Marijani akasema, "Braza, si usome kwa sauti na sie tusikie." Nikasoma. Papa amechukua maneno ya Mtume Paulo juu ya upendo, akayafungua moja moja kama sisi tunavyofungua kochi kuukuu kuona mbao za ndani ni za nini. Akafika kwenye uvumilivu, akasema kuvumilia si kukubali kuonewa. Hapo nikapiga meza. Nikasema, umeona? Lakini hakuishia hapo. Akaendelea kwamba mtu anakosa uvumilivu anapotaka kila kitu kiende anavyotaka yeye, hata watu. Marijani akaniangalia. Nikamwambia, usiniangalie.

Kisha akauliza, "Huyu mzee wenu ana mke?"

"Hana. Hajawahi kuoa."

"Basi kuna mtu kamwambia."

Kuna mahali anasema nyumba inahitaji maneno matatu: kuomba, kushukuru, kuomba radhi. Nimekaa nikajihesabia. Kuomba naomba sana, hasa chai. Radhi naomba nikibanwa. Kushukuru sikumbuki. Nilipovunjika mkono na karakana ikanisahau, ulikuwa unaamka kwenda sokoni, unarudi kunivalisha shati, unakwenda tena, na sikusema kitu, niliona ndivyo ilivyo. Asante, Yustina. Asante sana. Nimechelewa lakini nimefika.

Nina swali la kawaida tu. Huyo Petro kijiji chao ni upande gani wa Masasi, na ni wa akina nani? Nauliza kwa ajili ya ile mahakama ya kanisa.

Nimekumbuka nyumbani kuliko ninavyoweza kukuambia. Pasaka nije?

Valerian


Mabibo, 2 Aprili 2024

Baba Monica,

Nisamehe sikukujibu kabla ya Pasaka. Nguo za watoto, soko, mvua, na mazoezi ya kwaya ya Monica. Tumekula wali na kuku, watoto walikupigia makofi kwa zile fedha za viatu ulizomtuma nazo Tabu.

Misa nilikwenda ile ya kwanza kabisa, kabla hakujapambazuka vizuri, peke yangu. Ilikuwa misa njema. Sina zaidi la kusema.

Petro ni wa Lukuledi. Mama yake alikuwa anafinyanga vyungu, ukifika pale ukitaja mama wa vyungu kila mtu anakuonyesha, kama bado yupo. Lakini usijisumbue. Mambo ya mahakama ni marefu na Padri ana njia zake za kuuliza kwa maparoko wa huko.

Umeuliza kuja. Nadhani usiharakishe kurudi. Maliza kwanza sura zote, na mimi nimalize zangu. Komunyo ya Monica ni tarehe mbili Juni, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, muda upo. Mambo yanakwenda vizuri tu hivi yalivyo.

Asante yako nimeipokea. Nimeisoma mara nyingi.

Yustina


Keko, 20 Aprili 2024

Yustina,

Umesema nisiharakishe na kwamba mambo yanakwenda vizuri hivi yalivyo. Sawa, nimeelewa.

Nimepata kazi Msasani, hoteli mpya, makochi ya ukumbi mzima. Tutalala hukohuko mpaka iishe. Tabu hafiki kule, kwa hiyo usihangaike kuandika. Simu nitaizima, si ndivyo tulivyokubaliana?

Sura ya nane sijaisoma. Naiogopa.

Valerian


Mabibo, 6 Mei 2024

Valerian,

Sijui barua hii naiandikia wapi.

Kimbunga kilipotangazwa Jumamosi nilikupigia, hupatikani. Huku tulipata upepo na mvua, maji yakaingia mpaka sebuleni, tukapandisha vitu juu ya meza, mdogo wake Monica akawa analia anakutaka wewe. Kulipotulia nikawaacha kwa jirani nikaenda Msasani. Nimezunguka geti kwa geti nikiuliza hoteli mpya inayotengenezewa makochi. Mlinzi mmoja akaniambia, "Mama, huku hakuna hoteli mpya, labda umeambiwa uongo." Nilijisikia mjinga, nimelowa, nimeshika ndala mkononi.

Nikaja Keko. Marijani aliponiona akajifanya anatafuta gundi. Nikamwambia kama mume wangu ana mwanamke aniambie, nisikie kwa mtu ninayemheshimu. Akaweka gundi chini. "Shemeji, wallahi hana. Mie kaniapisha nisiseme. Ila Msasani hayupo. Kapanda basi la kusini, wiki ya pili sasa hivi."

Nikakaa juu ya mbao zenu, nikalikumbuka lile swali lako la kawaida.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Umekwenda kumfanya nini Petro? Ukiwa na hasira mikono yako naijua, nimekuona ukimbeba mwizi juujuu kama mto wa kochi. Naomba usimpige. Kama alishakufa, usimtukane kaburini, mama yake hakunifanyia ubaya. Redio inasema barabara imekatika Somanga, mabasi yamekwama, watu wanalala porini. Sijui kama ulipita au uko humo. Nimekasirika, na ninaogopa, na hasira imenisaidia kusimama mpaka sasa lakini ikiisha sijui.

Marijani ana binamu yake kondakta wa mabasi ya Masasi. Anasema njia ikifunguka ataifikisha barua hii stendi ya Masasi, na pale utaulizwa mpaka upatikane. Nijibu neno moja tu. Niambie uko hai.

Yustina


Lukuledi, 14 Mei 2024

Yustina,

Niko hai. Barua yako nimeipata stendi, imelowa kona moja lakini inasomeka. Nisamehe kwa Msasani. Simu ninayo na chaji ipo. Sikupigii kwa sababu nikisikia sauti yako nitasema chochote unachotaka kusikia, na haya yanataka kuandikwa.

Uliponiambia nisiharakishe, nilijua umeshanizoea nikiwa mbali. Nikasema basi, kama shida ni Petro nitakwenda nimtoe mwenyewe. Nakuambia ukweli, nilikuja nikiomba nimkute kaburini. Njia nzima nilikuwa napanga: nitapata barua ya paroko kwamba amekufa, utakuwa mjane, tutafunga ndoa kabla Monica hajapokea, nitavaa suti.

Yu hai.

Kisukari kimemla macho yote mawili, na mguu una kidonda. Anaishi peke yake kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Alirudi kutoka machimbo ya Msumbiji mikono mitupu, akaona aibu kukutafuta. Majirani wanamletea chakula wakikumbuka. Nilipobisha hodi alidhani nimetoka parokiani, akasema, "Karibu, katekista." Nikamwambia mie si katekista, mie ndiye ninayeishi na Yustina. Alipapasa ukuta, akakaa. Kisha akasema, "Kumbe ndiwe. Yeye mzima?"

Maneno makali nilikuwa nimeyaandaa tangu Mbagala. Yote yalipotea. Nikamuuliza kama amekula.

Nilitaka kukaa siku mbili. Mara kidonda, mara hana maji, halafu mvua na upepo wa kimbunga ukaondoa mabati. Nimeyarudisha, nimempigia na kitanda, alikuwa analala chini. Mvua ikinyesha hatuna kazi, namsomea wosia. Sura ya nne ameniomba nirudie. Akasema, "Hayo mngenisomea zamani." Nikamwambia zamani Papa alikuwa hajaandika. Akacheka, na mie nikacheka, na nikajichukia kwa kucheka naye.

Sasa jambo lenyewe. Nilimuuliza mambo ya mahakama. Ulilazimishwa kuoa? Akasema hapana, alikutaka mwenyewe. Yustina je? "Yule nani angemlazimisha?" Anasema alikimbia baada ya mtoto wenu kufa, alishindwa kukutazama usoni. Hujawahi kuniambia habari za mtoto, Yustina. Sikulaumu. Lakini hayo yote ni baada ya ndoa, na hata mie fundi makochi naona hapo mahakama haina cha kushika. Ndoa ilikuwa ndoa.

Kesho yake akaniita. "Andika unavyotaka. Andika nilishikiwa panga. Nitaweka dole gumba. Nimemtesa vya kutosha, mwache apate Komunyo yake." Karatasi ninayo, dole gumba lake lipo chini, haina neno hata moja. Ningeweza kuijaza na kukuletea, usingejua. Nimeshindwa, na si kwa utakatifu. Ungeniuliza swali moja tu, ningemwaga yote. Kwa hiyo amua wewe.

Sura ya nane nimeisoma hatimaye. Nilitaka sana iseme ndiyo. Haisemi ndiyo wala haisemi hapana. Inasema mkae na mchungaji, myatazame maisha yenu mbele ya Mungu bila kujidanganya.

Na kuna jingine. Zahanati wamesema mguu huu unataka hospitali kubwa. Nikimwacha hapa atakufa, na akifa utakuwa mjane, ndiyo yaleyale niliyokuja kuyaomba. Nimelala na wazo hilo, likanitisha. Lakini nikimleta, mumeo wa kanisa atakuwa chini ya bati letu, na Mama Marietha na jumuiya nzima watasema mwenye mke karudi. Hapo mie nitakuwa nani? Nijibu kwa basi.

Valerian


Mabibo, 24 Mei 2024

Valerian,

Barua yako nimeisomea sokoni, nimekaa juu ya kreti, wateja wakaita mpaka wakachoka wakaenda kwa jirani. Tabu alinikuta nalia, akanifunika na kanga yake akaniuzia mananasi mpaka nikamaliza.

Nimekasirika. Mtu anakukimbia, unamlilia, unamzoea akiwa hayupo, halafu anarudi kipofu ili hata kumtukana usiweze. Nilikuwa nimemwekea maneno Petro, mazuri kabisa, ya miaka mingi. Sasa nayapeleka wapi? Mtoto aliitwa Agnes. Sikukuambia kwa sababu nikitamka jina lake siku nzima inaharibika, na leo imeharibika.

Karatasi ichane. Nilisimama mbele ya altare nikiwa na akili zangu timamu. Petro alikuwa winga wa timu ya parokia, na nilimtaka kabla yeye hajanitaka. Sitaenda kumpokea Bwana kwa dole gumba la uongo.

Na langu mimi lisikie. Pasaka nilipokea. Ulikuwa Keko, mimi naishi peke yangu, basi Padri Projestus aliniungamisha, nikaahidi kuishi nawe kama dada, akaniambia niende misa ya kwanza ambayo watu wa jumuiya yetu hawaendi, nisije nikawakwaza. Nikapokea. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni, sikutaka kugusa kitu. Ndiyo maana nilikuandikia usiharakishe. Sikuwa nimekuchoka. Nilijua siku ukirudi, na mimi nakujua na ninajijua, ahadi ile haitafika asubuhi. Tangu hapo kila Jumapili napokea. Nikitoka kanisani nashukuru kwamba hupo, nikifika nyumbani nachukia kwamba nimeshukuru. Wewe ulidhani umesahauliwa, kumbe ulikuwa unalipia misa zangu bila kujua. Hilo ni baya kuliko Msasani yako, na nisamehe.

Komunyo ya Monica ni Jumapili ya wiki ijayo. Ningeweza kukuambia ukae huko mpaka ipite, nipokee pamoja naye, halafu uje. Ni siku chache tu, na ni halali. Nimelifikiria hilo sana, Valerian, kuliko unavyodhani. Kila nikilifikiria namwona mtu ana kidonda ananisubiri mimi nimalize sherehe. Nikajaribu kumwomba Mungu anionyeshe njia nyingine, akanyamaza.

Nimekwenda kwa Padri nikamweleza yote, hata kwamba ukirudi sitakuita kaka. Hakunigombeza. Alisema hawezi kuniambia ni sawa, kwa hiyo kupokea nitaacha, lakini hataki nipotee. Tuje tuzungumze naye wote watatu.

"Watatu, Padri?"

"Watatu, mama. Kesi yenu sijaikuta kwenye kitabu chochote."

Mama Marietha nimemwambia mwenyewe kabla watu hawajamwambia. Akashika kiuno. "Waume wawili nyumba moja, Yustina, na Komunyo bado unaitaka?" Nikamwambia ninaitaka, na ninaiacha, na sufuria yangu kubwa aliyoazima airudishe, nitakuwa na mgonjwa. Kairudisha jana. Ndani kaweka kilo mbili za unga wa uji.

Kwa hiyo mlete Petro. Sijamsamehe, usimwambie nimemsamehe. Mwambie atatibiwa na atakula, na maongezi asiyategemee. Monica nimemwambia anakuja mgonjwa kutoka kwetu. Akauliza ni nani yake. Nikasema nitamweleza akikua. "Nishakua, Mama. Si nakomunika?" Basi nikamweleza, alisikiliza vizuri kuliko watu wazima. Siku yake nitakuwa kwenye benchi. Itaniuma kuliko zamani, maana sasa nimeonja tena. Uwe umefika, nataka uwe pembeni yangu akipita.

Umeniuliza utakuwa nani. Kanisani sijui watakuandika nani, na wosia nimeusoma mpaka yale maneno madogo ya chini, jina lako sikulikuta. Petro atalala chumba cha mbele, karibu na choo, asipapase mbali. Wewe unajua unapolala.

Yustina